Damu Yetu si ya Majitu

Kijiji cha Daudi, Mbulu
2 Februari 2024

Bibi, shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi wazima, mimba ina miezi sita. Bibi, kliniki wametupima kundi la damu: yangu ni negativu, ya mume wangu Sulle ni pozitivu. Nesi Judith anasema nikijifungua nichomwe sindano siku tatu zisipite, la sivyo mtoto wa pili anaweza kudhurika. Lakini mama mkwe ana mhubiri kwenye simu yake, anasema damu hii haikutoka kwa Adamu, ni ya majitu ya kabla ya gharika. Mama anataka niombewe ibadilike, nisichomwe kitu. Sulle anasema tusubiri kwanza. Nifanyeje?

Mjukuu wako,
Rogathe

Endasak, Hanang
9 Februari 2024

Rogathe, marahaba. Goti linauma na bado napalilia, usiniulize tena. Naandika kwa sababu kwenye simu sisikii, utapiga kelele kijiji kizima kijue.

Majitu! Ukoo wetu tunapanda kigoda kufikia kitasa. Mwambie mama mkwe wako Ludovika asome Mwanzo mpaka maji yalipokauka. Waliopona ni Nuhu, wanawe na wake zao. Basi wewe ni wa Nuhu kama yeye, au ukoo wao uliogelea?

Sasa nisikilize, mama yako sijawahi kumwambia. Baada yake nilizaa wawili. Wote waligeuka njano kama alizeti, hawakumaliza wiki. Mila ya wakati ule, aliyefiwa na kichanga alitengwa. Sikuchota maji na wenzangu, sikupewa mkono, babu yako alihamia kwa kaka yake. Nikaambiwa nitubu. Nimetubu miaka arobaini na sita, kosa silijui. Muulize huyo nesi kama ni damu hii iliyowaua.

Maombi nitakuombea mimi. Wewe toa mkono uchomwe.

Bibi yako

Daudi
4 Mei 2024

Bibi, shikamoo. Nimejifungua salama tarehe 29, msichana, ana sauti kama yako. Damu yake pozitivu. Barua yako Sulle aliisoma mara mbili, akaenda kumsomea mama yake. Nilipojifungua, mama alinikanda kwa maji ya moto mwenyewe. Dawa ilikuwa mjini, Sulle akaifuata kwa pikipiki kwenye tope, nikachomwa siku ya pili.

Nesi anasema watu wengi wana kitu kidogo juu ya chembe za damu, sisi wa negativu hatuna. Alikikosa mtu wa zamani mno, tukarithi, kama wengine wanavyorithi mwanya. Kwa nini, wataalamu hawajamaliza kubishana. Kuhusu wale wawili, anasema inawezekana kabisa, upimwe.

Rogathe

Endasak
17 Mei 2024

Mama Mtoto, marahaba, na hongera. Umechelewa kuandika siku tano, nilikuwa nakonda.

Nimepima. Negativu. Daktari kijana akanieleza polepole kama mtoto wa chekechea, nikamwambia nimeelewa, niache nilie. Nililia palepale kwenye benchi. Akadhani naogopa. Mjinga! Mzigo wa miaka yote hiyo umeshuka, nisilie?

Padri nimemwambia sina cha kutubu tena hapo. Akasema hakikuwepo tangu mwanzo. Na yeye angesema mapema.

Ludovika msalimie, mwambie kwa kukukanda nimemsamehe nusu.

Wale wawili walikuwa na majina, nilikatazwa kuyataja, ati mazao yangekauka. Yoakimu na Imakulata. Jana nimeyaita kwa sauti katikati ya shamba, na mahindi yamesimama vilevile. Waandike kwenye Biblia yenu, chini ya mama yako. Ni mjomba wako na mama yako mdogo.

Bibi yako