Neno la jana

Pokea simu basi! Nimejifungia chooni hapa wodini.

Si unajua nikimuuguza mama huwa namsomea masomo yangu ya Kiingereza? Mimi nasoma neno, yeye anakisia maana. Jana lilikuwa "pull through". Nikamwambia ni kuugua mpaka ukakaribia kufa, halafu ukainuka. Akalipenda hilo! Kutwa nzima analirudia: "Mimi nita-pull through, mwanangu."

Sasa leo daktari kapita na wanafunzi wake. Hao wakitaka mgonjwa asielewe, wanaongea Kiingereza. Kasimama pale miguuni kwa mama, akawaambia: "She won't pull through."

Yaani mama hainuki tena. Na kwa neno lile lile! LILE LILE!

Halafu daktari akamgeukia mama, anatabasamu: "Unaendelea vizuri, mama."

Mama naye: "Asante, daktari."

Nikasema labda hakusikia. Nikainama, najifanya natafuta kalamu ili asinione uso.

Walipoondoka akanishika mkono. Akasema taratibu tu: "Hilo la jana nimeshalielewa, mwanangu. Haya, nipe lingine."