Divai Nyeupe Ndani ya Mtungi

Kondele, Kisumu. Jumamosi jioni, 1972.

Joto la leo ni la kukaangia mayai juu ya bati. Shajara yangu, uvumilie mwandiko. Naandika huku nacheka peke yangu.

Wewe siri yangu unaijua. Tangu ile karamu ya kumuaga mkubwa wetu kule Milimani, ambapo sisi wapiga taipu tulialikwa tukasimama ukutani kama viti vya akiba, nimenaswa na divai nyeupe. Iwe baridi, iwe kali kidogo, na pembeni pawe na samaki wa ziwani, ngege, aliyekaangwa akakamuliwa ndimu. Mungu anisamehe, na mama yangu kule Maragoli asijue kamwe.

Mshahara wa taipu haununui divai, lakini nimejua mbinu. Kuna duka moja la Mhindi mjini, chupa zikibanduka karatasi wakubwa wa Milimani hawazitaki, na mwenye duka huziuza kwa bei ya kuzifukuza. Sawa tu. Mimi sinywi karatasi. Friji pia sina, kwa hiyo chupa naizamisha ndani ya mtungi wa maji ya kunywa Ijumaa, na Jumamosi mchana inatoka baridi mpaka meno yanalalamika.

Starehe hiyo yote hufanyika mlango ukiwa umerudishwa. Mwenye nyumba wangu, Mama Peres, ameokoka, na sheria ya ploti yake ni moja: anayeleta pombe analala nje na godoro lake. Fundi viatu wa chumba cha mwisho alitolewa mvua ikinyesha. Na mimi chumba kama hiki, cha kodi nafuu na karibu na kazi, nitakitoa wapi kingine?

Leo mfereji umekauka ploti nzima. Samaki yuko kikaangoni, Mama Peres huyo, ameingia bila hodi, kikombe mkononi. "Jerusa, nyathina, mwanangu, nipatie maji ya kunywa, koo imekauka kabisa." Kabla sijainuka ameshafunua mtungi, anachota.

Kong!

Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akaibuka na chupa. Haina karatasi, na kilichomo ndani ni cheupe. Hapa Kondele chupa isiyo na jina yenye kitu cheupe ni jambo moja tu, pombe kali ya magendo, hata mtoto atakuambia.

"Yawa! Chang'aa! Kwa ploti yangu!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na samaki wangu. Nikasema ni divai, Mama. Akasema nisimfanye mjinga, divai ni nyekundu, yeye huipokea kanisani na hajaona nyeupe hata siku moja. Nikaapa. Akasema tusibishane, chang'aa ina ushahidi wake. Akachukua kijiko changu, akamimina kidogo, akaniagiza kiberiti.

Hapo nikaelewa. Chang'aa ya kweli hushika moto. Njiti ya kwanza ikazimika. Ya pili ikamuunguza kidole. Ya tatu akaiinamisha taratibu kwenye ukingo wa kijiko, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka, na mimi macho yangu yako kwenye godoro. Ikalia "chii" ikafa. Hakuna moto.

Mama Peres alijifunzia wapi mambo hayo? Sikuuliza.

Akanitazama, akasema polepole, "Hii kitu haina pombe."

Mimi nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza! Wewe ungefungua mdomo?

Akaonja, akakunja uso. Akaonja tena. Akaketi kwenye stuli, akavuta sahani ya ngege niliyemwepua, na alipofika kwenye mkia alikuwa amemaliza vikombe viwili na anasimama kunionyesha jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akitembea kwa maringo siku ya mshahara. Tangu nihamie hapa sijawahi kuona meno ya mama huyu. Leo, jamani, nimeyaona yote.

Kisha akaikamata chupa yangu iliyobaki nusu. "Kesho mchungaji anakula kwangu. Hiyo chai kila siku imemchosha. Nitampatia hii juisi ya Wazungu." Akaifunika kwa leso, akaondoka nayo.

Sasa nifanyeje? Nikimwambia ukweli, atajua nimemnywesha pombe mtu aliyeokoka, na nitalala nje. Nisipomwambia, mchungaji ataonja mara moja na kuijua, Mama Peres ataaibika mbele ya mgeni wake, na bado nitalala nje. Huku godoro nje, kule godoro nje. Na kibaya zaidi, leo nimempenda. Sitaki aaibike.

Basi nilijikaza. Nikajifunga leso, nikaenda mpaka mlangoni kwake nikiwa na maneno yangu tayari. Ndani alikuwa anaimba wimbo wa kanisa, ubeti wa tatu kabla ya wa kwanza, halafu anacheka mwenyewe. Nikachungulia dirishani. Chupa ilikuwa mezani, tupu.

Nikarudi chumbani nikinyata. Mchungaji kesho atakunywa chai.