Kiha cha Mjomba

Kibondo, 9 Juni 2013

Mdogo wangu Asmahani,

Assalaam aleikum. Kwa majonzi nakutangazia kifo cha sauti yangu, kilichotokea jana katika uwanja wa netiboli. Imeacha kikohozi na mjane mmoja: filimbi.

Mguu wako waendeleaje? Sisi wazima. Tumewafunga Kasulu! Tulikuwa nyuma mabao manane. Mimi kocha nikabadili mbinu, nikaelekeza kila pasi kwa Kiha, ili wapinzani wasielewe. Mwanao Mwanahawa, ninayekaa naye hapa, ameitwa kambi ya mkoa, inaanza Alhamisi ya tarehe 20. Wanataka ridhaa yako.

Kaka yako,
Gharibu

Kasulu, 13 Juni 2013

Kaka,

Shikamoo. Mguu bado, dukani nakaa kwenye kiti.

Kudra wa jirani, aliyemkaba Mwanahawa uwanjani kwa upande wa Kasulu, anacheka hadi leo. Anasema ulipiga kelele kwa Kiha, na wao Kiha ndicho walichonyonya kwa mama zao. Mlishindaje, basi? Na kama ni akili yako, mkoa wanamtaka mwanangu wa nini? Nahitaji mtu wa kunishushia vitenge vya rafu za juu. Jumatatu jirani yetu Twalibu anakuja kumchukua.

Mdogo wako,
Asmahani

Kibondo, 15 Juni 2013

Mdogo wangu,

Salamu, na pole ya mguu. Barua hii nampa dereva wa basi, ikufikie kabla Twalibu hajaondoka.

Ukweli ni huu. Nilidhani Kiha changu nilichookota kwa wateja dukani ni siri. Nikisema kushoto, Kudra yuko kushoto. Nikashuku uchawi.

Wakati wa mapumziko nilitoa hotuba ndefu. Nilipokwenda kunywa maji, Mwanahawa aliwakusanya wenzake. Nimeyajua haya jana tu, nilipombana baada ya barua yako. Aliwaambia: "Akisema kushoto, sisi kulia. Na mjomba asiambiwe. Uso wake hauwezi kuficha kitu."

Basi nikaendelea kuelekeza kwa moyo wote, na wao wakafanya kinyume. Kudra akakimbilia nilikosema. Mwanao akafunga upande wa pili. Niliwatukana kwa ukaidi wao, Asmahani. Sauti ilikufa nikiwakataza kushinda.

Mpira ulipokwisha, mteuzi wa mkoa alinipita nikiwa nimenyoosha mkono, akaenda kumpa mkono mwanao. Nikajisemea hajaniona.

Mwanahawa amefunga begi lake, hajui aende wapi, kwako au kambini. Twalibu akija nitamfungulia mlango. Ila nakuomba aje na zile raba za Mwanahawa za netiboli alizoziacha kwako. Vitenge nitakuja kushusha mimi. Kazi hiyo haihitaji sauti.

Kaka yako,
Gharibu