Mistari ya Makaa ya Papa Siméon Kalenga

Mwaka umetimia tangu utuache, Papa, na nyumba bado haijatulia. Kijiko kikigonga sahani tunageuka kukutazama. Mama Rosalie anaamka, anakaa, anaamka tena. Akiulizwa anatafuta nini, hajui.

Uliitengeneza reli ya Nyunzu mpaka ukaota mvi. Kisha mkono wa kuume ukaanza kutetemeka, na daktari akautaja ugonjwa: Parkinson. Dawa ilivuka ziwa kutoka Kigoma ilipopenda yenyewe. Wewe ulicheka, ukaomba chai yenye sukari nyingi, kwa sababu mkono wako unakoroga bila kutumwa. Sisi tuliogopa.

Miguu ndiyo iliyokutesa zaidi. Ulifika mlangoni ikagoma, kana kwamba imepigiliwa misumari. Lakini kwenye reli ulitembea vizuri, ukikanyaga miti iliyolazwa chini ya vyuma vyake, mmoja baada ya mwingine. Uligundua mwenyewe kwamba miguu inataka kitu cha kuvuka. Basi dada yako, Shangazi Constance, akawa anakuchorea mistari ya makaa kila asubuhi, toka kitandani hadi uani.

Majirani wakaiona. Mjane asiye na mtoto, anachora mlangoni pa mgonjwa! Wakasema ndiye anayekuroga, na lisemwalo lipo. Maneno yakafika Kabalo, na kaka yako, Baba Mkubwa Augustin, akaja kumfukuza. Ilikuwa Jumamosi, watu wanatoka Salongo, ile kazi ya lazima ya usafi wa mji, na majembe yao mkononi, wakajaa uani kwetu. Tulidhani Shangazi atapigwa.

Ukatoka ndani peke yako, ukivuka mstari mmoja mmoja. Mistari ilipokwisha ukaomba makaa, ukainama, ukachora mwingine kwa mkono uleule unaotetemeka. Mstari ulipinda vibaya. Ukauvuka. Kisha ukasema kwa sauti yako ndogo: "Hii mistari njo miguu yangu. Mutu akimufukuza Constance, anifukuze na mimi."

Shangazi akabaki. Lakini Baba Mkubwa alirudi Kabalo bila kuonja chakula cha Shangazi, na hata kwenye matanga yako hakukionja. Ndiyo maana mwaka huu wote hatukupata usingizi mzuri. Aliyemkinga Shangazi hayupo, nasi hatuna ujasiri wako.

Jana Baba Mkubwa alishuka kwenye treni, amekuja kwa misa yako. Shangazi akapika bukari, ugali wetu, na samaki, akamwekea mbele, akasimama palepale. Baba Mkubwa akanawa mikono, akala mpaka sahani ikabaki tupu. Kisha akanigeukia mimi, Monique, niliyeshika kalamu nikiandika kumbukumbu hii, akasema: "Jina ya Constance, uiandike mbele ya yangu."

Tunaokukumbuka: dada yako Constance, kaka yako Augustin, mke wako Rosalie, watoto wako Florent na Monique. Hutatutoka moyoni, Papa, siku zote za maisha yetu.

Kalemie, Agosti 1986