Kisima cha Kasri la Dunarrach

Edinburgh, 2 Machi 1954

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, ni mafua tu. Mgongo wako vipi? Mbwa wako Moss bado anaiba mayai?

Hapa ofisini napanga makaratasi ya kale. Juzi nimekuta barua ya msimamizi wa Kasri la Dunarrach, lile ambalo mawe yake ya mwisho babu aliyajengea nyumba yetu. Kumbe halikuchomwa na Waingereza kama mnavyosimulia. Liliporomoka baharini. Anasema maji ya kisima yaligeuka chumvi, na wiki chache baadaye jiko likaenda na watu saba. Baba, kisima hicho ndicho unachonywea. Maji yakoje?

Binti yako, Isbel

Dunarrach, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, mbwa anaiba.

Waingereza wamebeba lawama miaka yote hii, leo unataka kuwasafisha? Baa nzima imecheka. Maji hayana neno. Chai ina chumvi kidogo tangu Februari, lakini unanijua mimi na kuosha sufuria.

Baba

Edinburgh, 11 Machi

Baba,

Salamu baadaye. Tangu Februari? Sikufichi, naogopa. Bahari imechimba chini ya mwamba mpaka imefika kisimani. Hamia kwa shangazi Elspet leo, na usinijibu kwa mzaha.

Isbel

Dunarrach, 14 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Kondoo ndio wanaanza kuzaa, nani atawazalisha? Tena mama yako alikufa kwenye kiti chake humu jikoni. Siliachi jiko hili kama chumba cha kupanga.

Ila Moss haingii tena. Nilimwita kwa nyama, akabaki mlangoni anatetemeka.

Baba

Edinburgh, 16 Machi

Baba,

Nakuja Jumamosi. Mpaka hapo, nakuomba, lala anakolala mbwa.

Isbel

Banda la kondoo, 18 Machi

Isbel,

Mimi mzima. Nimeanza na hilo maana ndilo utakalolitafuta.

Nililala bandani, nikijiona mjinga kumtii msichana na mbwa. Asubuhi nikaenda kuchemsha chai. Nilifungua mlango wa jiko, mguu ukakanyaga hewa. Chini ni bahari. Kiti cha mama yako kimekwenda. Niling'ang'ania mlango hadi mikono ikafa ganzi.

Tangu vitani sijalisema neno hili: naogopa. Jumamosi usikaribie nyumba. Simama barabarani uniite, nitakuja.

Baba