Babu, Niliwaonyesha Mtu Mwingine

Babu yangu,

Mugonile. Sijui kama aliyelala moja kwa moja huulizwa ameamkaje, ila wewe ndiye uliyenifundisha kusalimia kwanza.

Ile nyumba ya Mjerumani hapa Tukuyu, uliyosema uliwahi kufanya kazi bustanini kwake, sasa ni makumbusho. Wamefungua maonyesho: michoro ya vijana wa Kinyala na Suma, pamoja na picha za zamani. Picha moja ina vijana wawili wamesimama bustanini. Chini waliandika, "Majina hayajulikani."

Nikamwambia dada mwongozaji, "Huyu mrefu, mwenye buti na kofia, ni babu yangu. Huoni uzuri nilikoutoa?" Akaandika jina lako. Kijiwe kizima cha bodaboda kikapata habari.

Kusema kweli nilibahatisha. Ulipofariki nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka unanibeba mabegani tukishuka Kisondela, unanung'unika, "Mzito wewe kama mkungu wa ndizi." Huko juu nilikuwa naona upara tu.

Jana nikampeleka mama, naye akajivunie. Kufika kwenye picha akajifunika kanga, akageukia ukutani. Nilisahau kwamba wewe ni mkwe wake, na mila yetu haimruhusu. Miaka yote aliyokupikia hakuwahi kukutazama usoni wala kutaja jina lako. Chakula nilikuletea mimi.

"Mama, hii ni karatasi tu."

"Karatasi ya nani?"

Nikavua jaketi, nikaziba picha, nikaacha miguu peke yake. Akachungulia.

"Wa buti simjui." Halafu akachutama taratibu, kama anaamkia, mbele ya yule wa nyuma aliye pekupeku, mwenye ndoo. "Kidole gumba kimejitenga na wenzake. Ndiye."

Yule dada mwongozaji akafuta jina lako, akaliandika chini ya mwenye ndoo. Mama alipogeuka nikatoa jaketi, nikakutazama. Mfupi, umekunja uso kwa jua. Babu, sikukutambua hata kidogo. Mpaka sasa sijui nifurahi au nione aibu. Nilikula nawe sahani moja, halafu nikampa jina lako mtu baki.

Tukiwa tunatoka nikamuuliza, "Mama, nimefanana naye?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

Lala, Babu. Nitarudi nikuangalie vizuri, peke yangu.

Mjukuu wako, yule mzito