Kiti cha Nne cha Landrova

Jumapili jioni, Buzuruga. Upepo wa ziwani umekata tangu adhuhuri, na joto limekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka. Nimechoka. Sikulima, sikubeba mzigo, hata mitumba yangu sikuipanga leo. Nimechoshwa na kikao.

Mwanza hii hakuna jambo lisilo na kamati. Harusi ina kamati, msiba una kamati, na sasa safari ya jangwani nayo ina kamati, yenye mwenyekiti, mweka hazina na katibu. Katibu ni mimi. Nilipokuwa karani wa ushirika wa pamba nilidhani nimemaliza vikao vyote vya dunia. Ushirika ukafilisika, tukapunguzwa kazi, magari yakapigwa mnada, nami nikaingia kwenye mitumba kama wenzangu. Vikao havikufilisika.

Safari yenyewe ni ya kwa Idi, mdogo wangu. Sisi kwa mama yetu tuko wawili tu.

Idi alikuwa dereva wa malori. Kampuni ya serikali aliyokuwa akiiendeshea ilipokufa, alivuka Sirari kutafuta maisha Kenya. Akapata kazi ya kupeleka mahindi ya msaada kaskazini, akazidi kwenda kaskazini hadi akafika Moyale, pale Kenya inapokutana na Ethiopia. Akavuka na mpaka huo pia. Huko akapata mke, yaani anaishi na binti wa watu na wamekwisha kuzaa, ila wakwe wanalalamika kwamba hawajawahi kumwona hata ndugu yake mmoja. Mtu asiye na watu ni mtu gani? Wamempa muda hadi mfungo wa Ramadhani. Wazee wake wasipofika kujitambulisha, binti anarudi kwa baba yake na mtoto wake mgongoni. Ujumbe ulikuja kwa mdomo, ukapitia kwa madereva watatu kabla haujafika kwetu, na bado ulikuwa mzito.

Mama hajamwona Idi miaka tisa.

Basi tukaunda kamati. Mwenyekiti ni Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba, fundi cherehani mstaafu anayekaa Butimba. Msemaji wetu kwa wakwe ni Mzee Hamisi, rafiki yake, mtu mwenye maneno matamu hata akiwa anakunyima kitu. Gari ni la Kulwa, jirani yetu, aliyefanya kazi na Idi zamani na akanunua Landrova ya ushirika kwenye ule mnada. Ile Landrova nimeijua ikiwa mpya, ikibeba mabwana shamba. Sasa mlango mmoja unafungwa kwa kamba, lakini Kulwa anaipenda kuliko anavyompenda mkewe, na mkewe anajua.

Kulwa ndiye peke yake aliyewahi kuipita njia hiyo. Anasema ukishatoka Isiolo lami inabaki nyuma, na gari haliruhusiwi kwenda peke yake. Mnasubiriana, mnasindikizwa na askari, kwa sababu ya majambazi. Ukishapita Marsabit ni mawe meusi mpaka macho yachoke. Hakuna mti, hakuna kisima, hakuna wa kumwomba hata tone.

Na sisi kikao cha kwanza tulikimaliza kwa kujadili sare.

Wallahi. Kanzu za rangi moja, ili wakwe wajue wamepata watu. Kulwa alikaa pembeni akipangusa mikono yake yenye grisi, halafu akauliza, "Na maji?" Baba Mkubwa akamjibu kwa upole, kama anayejibu mtoto, "Maji tutachota njiani, mwanangu." Nilicheka hadi nikatoka nje. Baadaye nikajiona mjinga, kwa sababu hata mimi sikuwa nimeyakumbuka. Umezaliwa unaliona ziwa ukifungua dirisha, nani atakufundisha kufungasha maji?

Kikao cha pili kilikuwa cha samaki. Baba Mkubwa alishaagiza sato wa kukausha kutoka Nansio, wakubwa, wa heshima, wakafika na boti wakiwa wamefungwa kwenye matenga mawili. Ukweni hakuendwi mikono mitupu. Kulwa akasema, "Wazee wangu, wale watu ni wa ngamia na mbuzi. Samaki hawali. Wengine ukimweka mbele yao wanaondoka." Baba Mkubwa akakataa katakata. Akasema hakuna binadamu asiyekula sato, labda hajaonjeshwa. Wiki nzima tulibishana. Mwisho matenga yakauzwa, tukabakiza wachache wa Idi mwenyewe, na Baba Mkubwa hadi leo anaamini Kulwa anawasingizia wale watu.

Haya nayaandika ili nicheke kidogo kabla ya kufika kwenye jambo la leo.

Jambo la leo ni viti. Kulwa alishapiga hesabu yake tangu mwanzo: nyuma ni mapipa ya maji, madumu ya mafuta, matairi, springi za akiba. Watu ni wanne, na akizidi hata mmoja Landrova itakaa jangwani. Kulwa mwenyewe, Baba Mkubwa, Mzee Hamisi, na wa nne mama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwa wa kubaki, na nilikuwa nimekubali. Mama alishatafutiwa hati ya kusafiria. Kila asubuhi alikuwa anakwenda stendi, na miguu yake ile inayovimba, kuwauliza watu wa mabasi ya Sirari kama huko mbele kuna baridi. Amenunua kanga ya kumbebea mjukuu. Amekaanga karanga ambazo zitaisha kabla ya safari, maana anazionja kila siku.

Leo asubuhi, tulipokwisha kusoma dua, Baba Mkubwa akakohoa. Akasema amefikiri usiku na amezungumza na wazee wenzake. Mama mzaa bwana hatangulii ukweni. Kwetu wanaotangulia ni wazee, wakishapokelewa na kupewa jibu ndipo mama anapopelekwa kwa heshima yake. Akienda na washenga ataonekana amekwenda kumwombea mwanawe kama anayeomba chumvi. Wale watu wanatafuta kasoro, tusiwape.

Kila mtu akaitikia. Hata mimi najua ni kweli. Kwa harusi ya hapa Mwanza, ningekuwa wa kwanza kusema hivyo.

"Basi kiti ataingia Zuhura," akasema Baba Mkubwa. "Ana Kiingereza cha kuandikia karatasi za mpakani, na atatupikia."

Moyo wangu ukaruka.

Niseme kweli, maana hapa hakuna kamati. Uliruka kwa furaha. Tangu nipunguzwe kazi sijawahi kutoka mji huu isipokuwa kwenda kuchukua mabelo ya nguo Shinyanga. Naamka, nafungua belo, nakunja suruali za wazungu nisiowajua, nabishana na wateja, narudi. Nilitaka kufika mahali ambapo hakuna anayenidai salamu. Nilitaka kuona hayo mawe meusi. Na nilimtaka Idi, jamani. Nilimbeba mgongoni hadi mgongo wangu ukajipinda, mama akiwa shambani. Nilitaka kumtukana kwanza, halafu nimkumbatie.

Lakini kuna jambo nilikuwa nalijua, nami nikalikalia kimya. Wiki mbili zilizopita, nikimpelekea Kulwa chai gereji, alinieleza jinsi Moyale ilivyo. Ni mji mmoja uliogawanywa. Nusu ni ya Kenya, nusu ni ya Ethiopia, katikati kuna kibonde na vizuizi. Watu wa pale wanavuka kwenda sokoni na kurudi. Wakwe wa Idi wako upande wa Ethiopia. Yaani mama anaweza kufika Moyale ya Kenya, akakaa kwenye nyumba ya wageni, asikanyage ukweni hata kwa kidole. Wazee wavuke wakafanye yao. Na Idi avuke aje kwa mama yake.

Nilikuwa nalo mdomoni pale kikaoni. Nikalimeza. Nikaandika kwenye muhtasari: kiti cha nne, Zuhura.

Nilirudi nyumbani nimebeba habari kama mtu aliyebeba maji ya moto. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikamwambia. Nilimwambia kwa haraka, nikataja mila, nikataja wazee, nikataja kila mtu isipokuwa mimi. Hakulia. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Sawa," akasema. "Mila ni mila. Nani anaenda badala yangu?"

"Mimi, mama."

Akanitazama, akatabasamu. Afadhali angenipiga.

"Ndiyo vizuri, hukuwahi kutembea. Ukimwona usimpe mkono tu kama mgeni. Mshike kichwa. Mshike hivi, kwa mikono yote miwili. Halafu ukirudi, kabla hujanawa, uje unishike mimi."

Sikula mchana. Niliingia chumbani nikajilaza kifudifudi kwenye belo la sweta, nikajaribu kujitetea. Kwamba mama ni mgonjwa wa miguu. Kwamba barabara ile itamuua. Kwamba jangwa si la wazee. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililonifanya ninyamaze kule kikaoni. Nilinyamaza kwa ajili ya kiti.

Nikavaa viatu nikarudi Butimba.

Niliwakuta Baba Mkubwa na Mzee Hamisi barazani wanacheza bao. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba, nikasema bila kukaa. Nikawaeleza kibonde, vizuizi, Moyale ya huku na Moyale ya kule. Baba Mkubwa aliacha kete zikae.

"Hili umelijua lini?"

"Siku nyingi kidogo, baba."

"Na asubuhi ulikuwa wapi? Si ulikuwa umekaa hapo hapo na kalamu mkononi?"

Nikainamisha macho kwenye ubao wa bao. Akaelewa. Baba Mkubwa si mtu wa kupaza sauti, na leo hakuipaza. Alisema tu, "Ewe Zuhura. Kiti cha mama yako?" Nilitamani ardhi ipasuke. Umri wangu huu, mwanamke mwenye watoto wa kuoza, nimesimama barazani kwa watu nalia na pua inatiririka.

Aliyeniokoa ni Mzee Hamisi. Alikaa akitafuna msuaki wake, akasema, "Mwenyekiti, ukweni kunaanzia mlangoni kwa mkwe. Hawa wenzetu serikali mbili zimewawekea mlango wao katikati ya mji, na askari juu. Shemeji asipouvuka, ameingia wapi?"

Baba Mkubwa akarudisha kete moja shimoni. Akauliza kama mama atakubali kukaa nyumba ya wageni peke yake kwenye mji wa watu. Nikamwambia kwa Idi angekaa hata juu ya paa. Akauliza karatasi za mpakani ataandika nani. Mzee Hamisi akasema Kulwa amevuka mipaka kabla huyu mtoto hajajua kusuka ukili, na chakula watakipika wenyewe, kama wali utaungua watakula ukoko. Akacheka peke yake.

"Haya," akasema Baba Mkubwa. "Mama Idi ataenda. Ila wewe utabaki, Zuhura. Viti ni vinne."

"Najua, baba."

Nimerudi kwa miguu, njia nzima. Nilitaka nichoke vizuri, uchovu wa mwili, huu mwingine siujui namna ya kuulaza. Nimepita kwa Kulwa nikamwambia. Alikuwa chini ya gari, ikatoka sauti tu: "Nilijua utasema." Sijui kama ni sifa au ni matusi.

Mama nimemkuta anakunja ile kanga ya mjukuu, airudishe sandukuni. Nikamwambia usiifungie. Nikamweleza kila kitu, na safari hii sikujiruka. Nikamwambia na kile nilichokalia. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilingoja anilaumu, nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa nahitaji hata kidogo. Hakunilaumu. Sidhani kama hata alisikia sehemu yangu. Alisikia kwamba anaenda.

Akashika kitambaa chake cha kichwani, akakivua polepole. Nywele zake zote nyeupe. Wakati Idi anaondoka hazikuwa hivyo. Akaniuliza kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo:

"Zuhura. Atanijua?"

Nikamwambia atakujua, mama. Nikamwambia hata ungejifunika gubigubi atakujua. Nikamshika kichwa kwa mikono yote miwili, nikakishika muda mrefu, ili akifika ampelekee.